Koliflawa katika Bustani ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye tuta mbili tatu nyuma ya nyumba, si kwa mwenye shamba la ekari. Maswali ni yale ambayo majirani hurudia kuuliza kila msimu wakiwa wamesimama kwenye uzio. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jibu jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Koliflawa ni mboga ya aina gani, na je, ile sehemu nyeupe ni ua kweli?

Koliflawa ni ndugu wa tumbo moja na kabichi, brokoli na sukuma wiki. Kitaalamu zote ni spishi moja, Brassica oleracea, ambayo wakulima wa vizazi vingi waliichagulia sehemu tofauti za mmea: kwa sukuma wiki walitaka jani, kwa kabichi walitaka majani yaliyofumbatana, na kwa koliflawa walitaka shada changa ambalo bado halijafikia kuchanua. Ile sehemu nyeupe ni vikonyo vya shada hilo, vilivyogawanyika mara nyingi mno hadi vikabanana. Ukiiacha bila kuikata, vikonyo hurefuka, hutawanyika na hatimaye hutoa maua madogo ya njano. Hapa tutaiita "ua" kwa kuwa ndivyo wengi wanavyosema.

Udugu huo una maana ya vitendo. Ugonjwa unaoishi kwenye kabichi utahamia kwenye koliflawa, na tuta lililotoa sukuma wiki mwaka mzima si mahali pa kupanda koliflawa (tazama swali la 21).

2. Kwa nini inasemekana ni ngumu kuliko kabichi?

Kabichi ikikosa maji kwa wiki moja hudumaa kidogo, ikinyweshewa huendelea, na hasara yake ni kuchelewa tu. Koliflawa haina msamaha huo. Mmea huanza kutengeneza ua kwa kufuata umri wake na joto la hewa, na ukubwa wa ua hilo hutegemea wingi wa majani yaliyokuwapo siku lilipoanza. Mche uliosimama kukua kwa siku kumi kwa sababu ya kiu, njaa au mizizi iliyobanwa hauzirudishi siku hizo. Unafika umri wa kutoa ua ukiwa na majani machache, na unatoa ua dogo. Kwa hiyo kazi yote ya mkulima ni moja: kuhakikisha kwamba mmea haukatizwi kukua tangu unapoota hadi unapokatwa. Matatizo mengi yanayojibiwa hapa chini chanzo chake ni kukatizwa huko.

3. Inastawi wapi?

Inapenda ubaridi wa wastani, nyuzi joto za Selsiasi 15 hadi 20 wakati ua linapojengeka. Joto likipita nyuzi 25 kwa siku nyingi mfululizo, aina za kawaida huanza kutoa maua yenye kasoro. Ndiyo maana koliflawa nyingi za Tanzania hutoka Lushoto, Mgeta kwenye milima ya Uluguru, Arusha, Njombe na Mbeya, na za Kenya hutoka sehemu kama Limuru na Kinangop. Kwa makadirio ya jumla, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo mwinuko wa mahali unakueleza mengi kuliko jina la mkoa. Anayeishi pwani asikate tamaa kabla ya kusoma swali la 26.

4. Nipande mwezi gani?

Usianze kwa kuuliza mwezi wa kupanda. Anza kwa kuuliza mwezi ambao ungependa ua liwe linajengeka, kisha uhesabu kurudi nyuma. Kwa sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya miezi yenye ubaridi ni Juni, Julai na Agosti. Mbegu hukaa kitaluni wiki nne hadi tano, na kutoka siku ya kuhamishwa hadi kuvuna ni siku 60 hadi 100 kutegemea aina. Aina ya siku 75 iliyosiwa wiki ya kwanza ya Aprili itahamishwa mapema Mei na kukatwa katikati ya Julai, yaani ua lake litajengeka kwenye kipupwe.

Nyanda za juu zenye maji ya kumwagilia zinaweza kupanda mwaka mzima. Hata hivyo, zao linalokomaa katikati ya mvua za masika huoza na kushambuliwa na magonjwa zaidi, na kwa maoni yangu halilipi uchungu wake.

## Mbegu na kitalu

5. Nichague mbegu ipi?

Snowball ni aina ya zamani, inapatikana kwa urahisi, bei yake ni nafuu, na inafaa sehemu zenye baridi. Chotara za F1, yaani mbegu za kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa, ni ghali zaidi, lakini nyingi hukomaa kwa pamoja na baadhi zimezalishwa mahsusi kwa sehemu za joto. Kabla ya kulipa, soma mambo matatu kwenye pakiti: siku za kukomaa, kiwango cha joto au msimu unaopendekezwa, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Pakiti isiyosema lolote kuhusu joto iache dukani.

Kuhusu rangi: koliflawa ya machungwa ilitokana na mmea mmoja wa ajabu ulioonekana shambani huko Kanada mwaka 1970, na rangi yake ni karotini ileile ya karoti. Ya zambarau hubeba rangi iliyomo kwenye kabichi nyekundu, na ukiichemsha hufifia. Zote mbili hulimwa kwa namna ileile, isipokuwa hazihitaji kufunikwa (swali la 13).

6. Kitalu kinatengenezwaje?

Kwa bustani ya nyumbani trei ya miche au vikopo vilivyotobolewa chini vinatosha. Changanya udongo wa msituni au udongo mzuri wa juu sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja na mchanga sehemu moja. Panda mbegu kina cha sentimita 1, moja au mbili kwa kila tundu, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, funika kwa nyasi kavu, na weka mahali penye kivuli chepesi. Huota kati ya siku 5 na 10. Zikishaota tu, ondoa nyasi ulizofunikia na uzipe mwanga wa kutosha, kwa sababu miche iliyorefuka ikitafuta jua huwa na shingo nyembamba isiyofaa kitu.

Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, punguza maji taratibu na uzoeshe miche jua kamili. Kupunguza si kukatisha: mche unaolegea majani saa nne asubuhi umeshaumia.

7. Miche ihamishwe ikiwa na umri gani?

Wiki nne hadi tano, ikiwa na majani halisi manne hadi sita. Hapa ndipo bustani nyingi huharibikia, na yangu iliwahi kuwa mojawapo. Mwaka mmoja nilichelewa kusia, nikanunua miche thelathini kwa muuzaji wa barabarani. Ilikuwa mirefu na minene, nami nikafurahi nikidhani nimepunjwa kidogo kuliko kawaida. Nilipovua mfuko mweusi wa kwanza nilikuta mizizi imejizungusha chini kama uzi kwenye kibiringo, na shina lilikuwa gumu kama kijiti. Nilipanda hivyohivyo. Wiki tatu baadaye kila mche ulikuwa umetoa ua lenye ukubwa wa kifungo cha koti, na hakuna mbolea iliyolikuza zaidi ya hapo.

Ukinunua miche, omba kuona mizizi ya mmoja. Shina liwe laini na la kijani, si la kahawia. Mizizi iwe myeupe na iwe imeshika udongo bila kujizungusha. Kati ya mche mdogo na mche mzee, chukua mdogo.

8. Miche yangu inaanguka ikiwa imenyong'onyea shingoni. Ni nini?

Huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa udongoni unaopenda unyevu mwingi, msongamano na hewa isiyopita. Miche iliyoanguka haiponi. Ing'oe pamoja na udongo wake. Kwa iliyobaki, mwagilia asubuhi tu, acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na uipunguze isibanane. Msimu ujao tumia udongo mpya uliochemshwa kwa mvuke au kuanikwa juani chini ya nailoni kwa wiki kadhaa.

## Udongo, mbolea na maji

9. Udongo unaofaa ni upi?

Wenye rutuba, unaoshika maji bila kutuamisha, na wenye pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali ikizidi) ya 6.0 hadi 7.0. Udongo wenye tindikali nyingi, ulio kawaida katika sehemu za milima zenye mvua kubwa, huifungia koliflawa baadhi ya madini na kuleta kasoro zinazoelezwa katika swali la 17. Chokaa ya kilimo huchanganywa na udongo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Majivu ya kuni nayo hupunguza tindikali, lakini konzi mbili kwa mita ya mraba zinatosha. Anayemwaga majivu ya jiko kila siku kwenye tuta lilelile ataharibu upande wa pili, yaani pH itapanda kupita kiasi.

10. Nitumie mbolea gani, na kiasi gani?

Koliflawa ni mlaji mkubwa. Weka debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita nne za mraba, uchanganye na udongo wiki mbili kabla ya kupanda. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Anayetumia mbolea za dukani anaweza kuongeza DAP kiasi cha gramu 20 kwa mita ya mraba wakati wa kupanda, akiifukia ili isiguse mizizi moja kwa moja.

Baada ya hapo mmea unahitaji naitrojeni ya kujenga majani. Kipimo cha wakulima ni kifuniko cha soda, ambacho hubeba takriban gramu 5: kifuniko kimoja cha CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kwa kila mmea wiki ya tatu baada ya kuhamisha, na viwili wiki ya sita, vikizungushwa umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, vikafukiwa na kumwagiliwa. Asiyetaka mbolea za viwandani ajaze theluthi moja ya ndoo samadi ya kuku iliyokauka, aongeze maji, akoroge kila siku kwa wiki mbili, kisha aizimue kwa maji mara kumi kabla ya kumwagilia kila wiki. Inanuka, iweke mbali na dirisha la jirani.

Ua likishaonekana, usiongeze naitrojeni. Huo si wakati wake tena.

11. Nafasi kati ya mche na mche iwe kiasi gani?

Sentimita 60 kati ya mistari na 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Wenye eneo dogo hujaribiwa kubananisha, wakidhani watapata maua mengi; hupata maua madogo mengi. Mita nne za mraba zinatosha miche kumi na miwili hadi kumi na mitano. Wakati miche bado midogo, nafasi ya katikati inaweza kubeba giligilani au saladi, mradi iwe imevunwa kabla ya wiki ya tano.

12. Maji kiasi gani?

Lita 25 hadi 40 kwa mita ya mraba kwa wiki, kutegemea joto na aina ya udongo, zikigawanywa mara mbili au tatu. La muhimu zaidi ni usawa. Kumwagilia sana Jumamosi kwa sababu hukuwapo wiki nzima si sawa na kumwagilia kidogo kila baada ya siku mbili, hata kama jumla ya ndoo ni ileile. Chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Ukikuta pakavu, umeshachelewa kidogo. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa sentimita 5, hupunguza kazi hii kwa kiasi kikubwa na pia huzuia magugu. Palizi ya jembe iwe ya juujuu kwa sababu mizizi mingi iko karibu na uso wa udongo.

## Ua na kasoro zake

13. Kwa nini watu hufunga majani juu ya ua?

Ili libaki jeupe. Jua likilipiga, ua hugeuka njano, kisha kahawia hafifu, na ladha yake huelekea kuwa kali. Ua likifikia ukubwa wa yai la kuku, yaani upana wa sentimita 5 hadi 8, kunja majani matatu au manne ya nje juu yake na uyafunge kwa ugwe au uyabane kwa kibanio cha nguo. Fanya hivyo majani yakiwa makavu, kwa kuwa unyevu uliofungiwa ndani huozesha. Acha nafasi ya hewa, na fungua kidogo kila baada ya siku mbili kuangalia: wakati wa joto ua hukua haraka na linaweza kuwa tayari baada ya wiki moja, wakati wa baridi huchukua hadi wiki mbili.

Njia ya mkato, ambayo ndiyo ninayoitumia siku hizi, ni kuvunja nusu mshipa wa jani moja kubwa na kulilaza juu ya ua kama kofia. Likinyauka, vunja jingine.

Aina nyingi za kisasa zina majani ya ndani yanayojikunja yenyewe juu ya ua, na pakiti zake husema hivyo. Hata hizo huhitaji msaada wakati wa jua kali.

14. Ua limepata rangi ya zambarau. Linalika?

Linalika bila shaka. Zambarau hafifu kwenye aina nyeupe hutokana na jua, au na mabadiliko makubwa kati ya joto la mchana na baridi ya usiku. Ni kasoro ya sura tu, na sokoni ndiko inakoshusha bei.

15. Ua limetoka mapema na ni dogo kama kifungo. Nifanye nini?

Kwa mmea huo, hakuna la kufanya. Ukate, ule ulichopata, na upande kitu kingine. Kasoro hii ndiyo ile iliyoelezwa katika swali la 2. Tafuta lilikotokea: miche mizee (swali la 7), njaa ya naitrojeni katika wiki za mwanzo (swali la 10), kiu (swali la 12), au aina ya muda mfupi iliyopandwa katika msimu usio wake (swali la 4).

16. Ua lina chembechembe kama mchele, au majani madogo yamechomoza ndani yake.

Chembechembe na manyoya laini huja pale vikonyo vinapoanza kuelekea kuchanua kabla ya wakati, aghalabu kwa sababu ya joto au kuchelewa kuvuna. Majani yanayochomoza katikati ya ua nayo hutokana zaidi na joto lililopanda baada ya ua kuanza. Ua la namna hii linalika. Tofauti iko kwenye mdomo: lina ukavu kidogo, na hufaa zaidi kwenye bajia au achari kuliko kwenye mchuzi wa nazi.

17. Ua lina madoa ya kahawia na shina lina tundu ndani. Mmea mwingine una majani membamba kama mjeledi. Ni ugonjwa?

Kwa kawaida ni upungufu wa madini, si ugonjwa. Madoa ya kahawia yenye kuonekana kama yamelowa maji, pamoja na shina lenye tundu lililogeuka rangi, ni dalili za upungufu wa boroni, unaoonekana sana kwenye udongo wa kichanga uliochujwa na mvua na kwenye udongo uliozidishiwa chokaa. Boraksi ya kilimo, gramu 1 hadi 1.5 kwa mita ya mraba, huchanganywa na maji mengi na kumwagwa kabla ya kupanda. Pima kwa mizani. Boroni ikizidi ni sumu kwa mimea, na maharage utakayopanda baadaye ndiyo yatakayokuonyesha. Shina lenye tundu safi lisilo na rangi ya kahawia husababishwa tu na kukua haraka kwa naitrojeni nyingi.

Majani yaliyobaki na mshipa wa katikati na utepe mwembamba wa jani pembeni ni dalili za upungufu wa molibdeni, madini ambayo udongo wenye tindikali huyafungia. Dawa yake ni chokaa, kama ilivyoelezwa katika swali la 9.

## Wadudu na magonjwa

18. Viwavi vya kijani vinatoboa majani. Nitumie dawa gani?

Kwanza mtambue. Geuza jani: kama kuna viraka ambapo nyama ya jani imeliwa upande wa chini na kubaki utando mwembamba wa juu unaopitisha mwanga kama kioo cha dirisha, huyo ni nondo wa mgongo wa almasi. Kiguse kiwavi chake kwa ncha ya kijiti. Kitajipindapinda kwa kasi kikirudi nyuma, na huenda kikajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Ni kidogo, hakizidi sana sentimita 1, lakini kizazi kimoja hukamilika kwa wiki mbili hadi tatu penye joto, na ndiyo maana mdudu huyu amejenga usugu dhidi ya viuatilifu vingi duniani. Anayepulizia dawa moja kila wiki bila kubadilisha anamfuga.

Kwa bustani ya nyumbani mkono ndio dawa ya kwanza: kagua upande wa chini wa majani mara mbili kwa wiki na uponde viwavi na mayai. Ya pili ni chandarua chepesi kilichofunika tuta tangu siku ya kuhamisha, kikiwa kimefukiwa kingo zote. Ya tatu ni dawa zenye bakteria wa Bacillus thuringiensis, ambazo huua viwavi vinavyokula jani na hazidhuru nyuki. Zipulizie jioni, kwa kuwa jua huziharibu. Ya nne ni mwarobaini: saga gramu 50 za mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, pulizia jioni.

Wapo pia wasaidizi msiowalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, anayetaga mayai ndani ya kiwavi cha nondo huyu, na kumwachia katika nyanda za juu za Kenya, ambako alijistawisha. Sumu kali za kuua kila kitu humuua yeye kabla ya kiwavi.

19. Vipi kuhusu vidukari?

Vidukari wa jamii ya kabichi wana vumbi jeupe la nta, nao hujibana katikati ya mmea na kuukunja. Wachache wafute kwa kidole. Wakizidi, pulizia maji ya sabuni, mililita 5 hadi 10 kwa lita, ukilenga upande wa chini. Bila sabuni maji huteleza juu ya nta na kuondoka. Fanya hivyo kabla ua halijafungwa, kwa sababu wakishaingia ndani ya ua kuwatoa ni kazi ya jikoni (swali la 24).

20. Asubuhi nimekuta miche imekatwa shingoni kama kwa wembe.

Ni sota, kiwavi cha kijivu kinachojificha udongoni mchana. Fukua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, utamkuta amejikunja kama duara. Wakati wa kuhamisha, zungushia kila shina kola ya karatasi ngumu au kipande cha kopo, sentimita 3 zikiwa chini ya udongo na 5 juu.

21. Kingo za majani zina umanjano wenye umbo la V, na mishipa ni myeusi.

Huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria, na ndio ninaouogopa kuliko wote kwa kuwa hauna tiba. Huingia kupitia vitundu vya kingo za jani ambako umande hukusanyika, hufuata mishipa hadi kwenye shina, na husafiri kwa mbegu, kwa matone ya maji na kwa mikono ya mkulima. Ng'oa mmea ulioathirika na uuchome au uufukie mbali. Usiutie kwenye mboji. Usifanye kazi bustanini majani yakiwa mabichi kwa umande, na mwagilia chini, si juu ya majani.

Kinga ni mbili. Mbegu zisizo na uhakika zinaweza kulowekwa kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 20, kisha zikapozwa na kukaushwa. Bila kipimajoto usijaribu, kwa sababu nyuzi chache za ziada huua mbegu yenyewe. Ya pili ni kubadilisha mazao: tuta lisipandwe kabichi, sukuma wiki, brokoli, figiri wala koliflawa kwa miaka mitatu, bali maharage, karoti, vitunguu au mahindi. Katika uwanja mdogo hilo linamaanisha kuwa na angalau matuta manne na daftari la kukumbuka kipi kilikuwa wapi.

22. Mmea unanyauka mchana ingawa udongo ni mbichi, na mizizi imevimba.

Vifundo vidogovidogo vingi kwenye mizizi myembamba ni kazi ya minyoo fundo. Uvimbe mkubwa, mnene katikati na uliochongoka ncha, ni ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, ambao vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi na hupenda tindikali. Kwa wa pili, chokaa ya kupandisha pH hadi kufikia 7.2 hupunguza makali. Kwa yote mawili, usihamishe udongo wala miche kutoka kwenye tuta hilo.

## Kuvuna na kutunza

23. Nitajuaje kwamba ua limekomaa, na linakatwaje?

Angalia mgandamano kuliko ukubwa. Ua lililo tayari ni gumu, uso wake ni laini na vikonyo vyake havijaanza kuachana; kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 15 hadi 20. Ukiona kingo zimeanza kulegea na mianya kujitokeza, kata leo, hata kama ulitarajia likue zaidi, kwa sababu halitakua bali litatawanyika. Tofauti kati ya siku ya kufaa na siku ya kuchelewa inaweza kuwa siku mbili.

Kata asubuhi kwa kisu kikali, chini ya ua, ukiacha majani matatu hadi matano ya kulikinga. Koliflawa haitoi ua la pili la maana kama brokoli inavyotoa vichipukizi, kwa hiyo ng'oa shina. Majani machanga hupikwa kama sukuma wiki, na mifugo haitakataa mengine.

24. Nalihifadhije, na nifanyeje nikikuta viwavi ndani?

Kwenye jokofu, likiwa halijaoshwa na likiwa ndani ya mfuko wenye matundu, hukaa wiki moja hadi mbili. Liweke mbali na ndizi mbivu, matofaa na nyanya zilizoiva, kwa kuwa gesi inayotoka kwenye matunda hayo huangusha majani yake na kulichakaza. Kwa kugandisha, katakata vipande, vichemshe dakika 3, vitumbukize kwenye maji ya barafu, vichuje vikauke, ndipo uvifunge.

Viwavi na vidukari hutoka ukiloweka ua kichwa chini kwenye maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa lita, kwa nusu saa. Suuza vizuri baadaye. Anayekuta kiwavi kimoja asitupe ua zima. Ni ushahidi kwamba halikuogeshwa sumu jana yake.

## Hali zisizo za kawaida

25. Je, naweza kuotesha kwenye ndoo au kiroba?

Ndiyo, mche mmoja kwa chombo cha lita 20 chenye matundu chini. Chombo hukauka haraka, kwa hiyo wakati wa jua kitahitaji maji kila siku, na mbolea ya maji ya swali la 10 kila wiki badala ya ile ya kifuniko. Ndoo nyeupe ni bora kuliko nyeusi, kwa sababu nyeusi huchemsha mizizi upande unaopigwa na jua.

26. Naishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Nijaribu?

Jaribu mara moja kwa mwaka, kwa mbegu ya joto tu. India, ambayo ilipokea koliflawa kutoka Uingereza mwaka 1822, ilizalisha aina zinazojenga ua kwenye nyuzi 20 hadi 27, na nyingi za chotara za joto zinazouzwa leo zina asili hiyo. Sia mwishoni mwa Machi au Aprili ukikinga kitalu dhidi ya mvua, ili ua lijengeke Juni na Julai wakati upepo wa kusi umepoza pwani. Chagua mahali penye kivuli cha alasiri, tandaza matandazo mazito, na tarajia maua ya nusu kilo badala ya kilo. Snowball iliyopandwa Desemba Mombasa itakupa majani.

27. Naweza kuchukua mbegu zangu mwenyewe?

Kwa chotara ya F1, hapana. Watoto hawatafanana na mzazi. Kwa aina ya kawaida kama Snowball inawezekana nyanda za juu, lakini inataka subira. Acha mimea mitano au zaidi iliyo bora kabisa, si ile iliyochelewa kuvunwa, kwa kuwa mmea mmoja peke yake mara nyingi haujizalishi. Ua likianza kutawanyika, kata baadhi ya vikonyo vya katikati ili lisioze na mabua yapate nafasi ya kurefuka, kisha yafunge kwenye mti yasianguke.

Tatizo kubwa ni majirani. Koliflawa huchavushana na kabichi, brokoli na sukuma wiki yoyote iliyochanua karibu, na nyuki hawajui mpaka wa uzio. Wazalishaji wa mbegu hutenganisha mashamba kwa kilomita moja na zaidi. Ukipata vitumba (maganda yenye mbegu) vimegeuka rangi ya majani makavu, vikate asubuhi kabla havijapasuka, vianike kivulini juu ya kanga kuukuu kwa wiki mbili, na uzipure mbegu kwa mkono. Zikihifadhiwa pakavu na baridi huota vizuri kwa miaka minne hivi.